Aliyebeba Kikohozi Changu

Ukitaka kucheka, cheka sasa, umalize, halafu unisikilize. Haya sikusimuliwa. Yalinikuta mimi mwenyewe, na miguu yangu hii, kwenye barabara ya kutoka Likasi kwenda Mulungwishi, mchana kweupe.

Tulikuwa tunakwenda kwa miguu, kikundi chetu cha maombi, kushukuru. Mama ndiye aliyeweka nadhiri. Nilipojifungua nusura nife, na yeye akamwambia Mungu: ukiniachia huyu binti yangu, nitatembea mpaka Mulungwishi. Nikapona. Basi safari ile ilikuwa kwa ajili yangu, unaona? Mama alikuwa mbele kabisa, anaongoza nyimbo. Sauti yake mtaa mzima waliijua, na siongezi chumvi.

Sisi tuna desturi yetu njiani. Ukichoka, mwenzako anaomba mzigo wako, na hukatai. Akichoka naye, anampa aliye mbele yake. Jioni, pale tunapolala, unaukuta umeshafika, uko karibu na sufuria.

Siku ya pili kikohozi kikanikamata. Ulikuwa msimu wa baridi, na malori ya madini yalikuwa yanatumwagia vumbi jekundu. Nilianza na mafua tu. Kufika mchana nina homa, kifua kinawaka, nikivuta pumzi nasikia kisu ubavuni. Nikabaki nyuma ya wote. Niliogopa, sikufichi. Nilisema, kumbe nilipona kusudi nije nifie hapa.

Ndipo mwanamke akawa kando yangu. Hatua zake sikuzisikia. Sura yake hata leo siikumbuki, niamini, lakini miguu naikumbuka: safi, bila vumbi hata kidogo. Nani anatembea barabara ile akabaki na miguu safi?

"Leta muzigo yako, mama," akasema. "Miye nitabeba."

Nguo zangu nilikuwa nimezifunga ndani ya kikwembe changu, kitenge cha manjano. Nikampa. Ningekataaje? Vidole vyake vilikuwa baridi. Na mzigo ulipotoka tu kichwani, kifua kikafunguka. Homa ikaisha palepale. Nikasimama barabarani nalia kwa furaha, mjinga mimi!

Yeye akaenda mbele. Akawapita wenzangu mmoja mmoja, na hakuna aliyegeuka kumwangalia. Mpaka akamfikia Mama. Nikaona Mama anakatiza wimbo, anasogea pembeni, ananyoosha mikono. Lori likapita. Vumbi lilipotulia, kikwembe cha manjano kilikuwa kichwani mwa Mama, na yule mwanamke hayupo.

Nilikimbia. Mimi niliyeshindwa kutembea, nilikimbia. Nilipomfikia, Mama alikuwa anakohoa.

Wenzetu wote niliwauliza. Wanaapa hawakuona mtu; walimwona Mama anaongea peke yake. Sasa niambie, mzigo ulitoka kwangu huko nyuma ukafika mbele umebebwa na nani?

Mulungwishi tulifika. Nadhiri ikatimia, lakini Mama hakuimba. Walimpa dawa, tukamrudisha Likasi kwa gari, akapewa dawa nyingine, mapafu yakakataa. Siku yake ya mwisho duniani nilimuuliza: Mama, kwa nini uliupokea? Akanishangaa.

"Ile kikwembe niliijua," akasema, pumzi inakatika. "Ule muntu alisema muzigo iko nzito. Nikamuambia lete tu. Muzigo ya mutoto wangu, naiacha mu mikono ya muntu sijue?"

Tangu siku ile ya barabarani mimi sijakohoa. Pilipili ikiungua jikoni, watu wote wanatoka mbio, mimi nabaki nakoroga. Nyumbani wanasema nina bahati. Bahati gani? Nakoroga huku machozi yananitoka, na si kwa moshi.

Kwa hiyo wewe, ukiugua njiani, na mtu usiyemjua akaomba kukubebea, tazama kwanza miguu yake. Halafu tazama mbele, uone nani wako anatembea huko. Kama ni mama yako, ng'ang'ania mzigo wako. Kohoa, lia, tambaa, lakini fika nao mwenyewe.