Hakukimbilia Kahawa

Tope lilinishika kiunoni kwanza, halafu kifuani. Mkononi nilikuwa bado nimeshika pembe ya turubai. Pembe nyingine ilikuwa kwa rafiki yangu, mwanamke wa Ibaba, upande wa pili wa meza ya kuanikia kahawa, hatua nne tu kutoka nilipokuwa. Simuoni, lakini nasikia turubai linavutwa. Na mimi nikavuta, ajue nipo. Likavutwa tena. Mara ya tatu nilivuta peke yangu, likaja lote, jepesi.

Ilikuwa saa nane mchana, kwenye milima ya Sumatra, nchi ya Indonesia.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza habari za Asia huanzia hapo na kuishia hapo. Wanataka tope. Jinsi tulivyoishi kule miezi kumi na minne hawaniulizi. Nami nataka niyaseme, maana juu ya rafiki yangu umesemwa uongo, na usipojua alikuwa mtu wa namna gani utauamini.

Mimi ni wa Nanyala, Mbozi. Nimesoma hadi darasa la saba, nikaolewa, nikafiwa, nikaendelea kulima kahawa yangu na kuimba kwaya. Kanisa letu lilipotafuta watu wa kwenda misheni kukaa na Wakristo wa Sumatra, walitaka wanaojua kahawa, kwa sababu kule nao wanalima. Tukateuliwa sita. Kiongozi wa msafara alikuwa mwinjilisti mmoja aliyekulia Mbozi kwenye mibuni kama mimi. Alikuwepo na katibu wake, kijana wa kuandika ripoti. Wanawake tulikuwa wawili, mimi na huyu wa Ibaba, wilaya ya jirani. Tulikutana stendi siku ya safari. Aliniangalia mizigo yangu akasema, "Dada, unahamia au unatembelea?" Yeye alikuwa na begi moja na mwavuli.

Kijijini tulipangiwa kwa mjane mmoja, wa umri wa mama yangu mdogo. Wabatak, ndiyo kabila la kule, mwanamke mtu mzima wanamwita Inang, yaani mama. Tukamwita hivyo hadi mwisho. Siku ya kwanza tulipoingia kwake tulichuchumaa tukapiga makofi taratibu, kama tunavyowasalimu wakubwa kwetu. Yeye akadhani tumedondosha kitu. Akachuchumaa na yeye, akaanza kupapasa sakafu anatafuta. Sasa tukawa watatu chini, sisi tunapiga makofi, yeye anatafuta. Rafiki yangu ndiye aliyeanza kucheka. Akicheka yule mtu huwezi kujizuia. Inang akakaa kabisa sakafuni akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga yake, maana nao wanavaa kitu kama kanga, wanafunga kiunoni.

Lugha tuliiokota kidogo kidogo. Tulishangaa kukuta wanasema sabun, wanasema meja, na bendera ni bendera, na dunia ni dunia. Rafiki yangu akasema, "Kumbe nusu tulishaijua, tulikuwa tumelala tu." Alijifunza haraka kuliko mimi. Mimi nilikuwa naelewa ya jikoni na ya shambani, yeye alifikia kumtania mtu.

Tuliwapikia ugali. Inang aliutazama, akaonja, akauwekea sukari. Rafiki yangu akanyanyuka akauondoa ule ugali mbele yake, akamwambia, "Inang, hapa umetutukana ukoo mzima." Yule mama akaomba msamaha kwa mikono miwili, kisha akala na sukari hivyo hivyo. Na yeye akatulipiza kwa kahawa. Sisi watu wa Mbozi kahawa tunailima tangu babu zetu, lakini asubuhi tunakunywa chai. Nilipomwambia hivyo akaweka birika chini.

"Mnalima kitu msichokinywa?"

"Ndiyo, Inang."

"Mnajuaje kama ni kizuri?"

Akatukalisha akatunywesha, nyeusi, chungu, kila siku, mpaka tukazoea. Leo nauza chakula Tunduma kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Wale wa Zambia huniita bamayo, mama kwa Kibemba, na hunitania kwamba nakunywa kahawa kama mwanaume. Siwaelezi nilikotoa.

Basi, kahawa. Wabatak wakishaimenya na kuiosha, huianika kwa muda mfupi tu na kuiuza ingali mbichi ndani. Kwa mtu wa Mbozi hilo ni kama kumtoa mtoto shule darasa la pili. Nilipiga kelele siku ya kwanza, "Itaoza hiyo!" Inang akaniambia haijaoza tangu enzi za bibi yake. Rafiki yangu akaniambia, "We Mnyiha wa Mbozi, umekuja kuhubiri Injili au kuhubiri kahawa?"

Kiongozi wetu naye lilimkera, ila yeye alilifanyia kazi. Aliamua kuwafundisha kuanika kama kwetu, juu ya meza za wavu, siku nyingi, kahawa inageuzwa na kuchambuliwa, mvua ikitishia inafunikwa kwa turubai. Meza kumi na mbili akazijenga chini ya mteremko nyuma ya kanisa, kando ya kijito. Wanawake wa pale walimwambia pale si mahali pa kujenga, mlima ule hujikatia njia wenyewe mvua ikizidi. Akasema atachimba mfereji. Akachimba. Picha zikatumwa nyumbani, na wageni wakubwa wa kanisa wakaahidi kuja kuziona hizo meza.

Kuna Jumapili moja nataka ijulikane. Tulikuwa ibadani, katikati ya maombi, nikasikia matone kwenye bati. Mtu wa kwetu huwa haulizwi hapo. Kahawa ikiwa nje na mvua ikaanza, unatupa ulichoshika unakimbia kufunika, hata kama umeshika sahani ya msibani. Nikaruka benchi, nikatoka mbio na viatu mkononi, kanisa zima linanitazama. Nikafunika meza sita peke yangu. Rafiki yangu alikuja baadaye, polepole, na ule mwavuli wake.

"Umemwacha Mungu anasubiri," akaniambia.

"Kahawa ingeloana."

"Ingeloana, ingekauka. Nyie watu wa Mbozi! Ungekuwa bibi harusi ungemwacha bwana harusi madhabahuni."

Ile hadithi ilienea kijiji kizima. Watoto walikuwa wakiniona wanaigiza ninavyokimbia. Hata nyumbani ilifika, kiongozi mwenyewe aliiandika kwenye barua kama kichekesho. Msomaji naomba ushike hapo: niliyekimbia ni mimi. Yeye hakukimbia. Alikuja anatembea.

Mwezi wa kumi na nne mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya tatu asubuhi rafiki yangu alitoka kuchota maji akarudi na ndoo tupu. Akasimama mlangoni. "Kijito kimenyamaza," akasema. Mimi nikaona ni ajabu tu, yeye hakuona ajabu. Ibaba ni milimani, wamezaliwa wananing'inia kwenye miteremko. Akaniambia, "Kwetu mvua ikinyesha na kijito kikakauka, ujue mlima umekiziba huko juu na utakuja nacho. Unabeba watoto unaondoka. Huulizi." Akamwambia Inang kwa lugha yake, na Inang alikuwa ameshaanza kufunga vitu. Kufika saa nne kijiji kizima kilikuwa kimepanda shuleni, kule kwenye mgongo wa mlima, kwenye mwamba.

Saa saba na kitu kiongozi wetu akaja pale shuleni, ameloa.

"Upepo umefunua turubai," akasema. "Kahawa iko wazi na wageni wanakuja kesho kutwa. Nyie wawili nendeni mkafunike."

Rafiki yangu akamjibu kwa adabu, "Mwinjilisti, kijito kimekauka."

"Mvua yote hii?"

"Ndiyo maana nakwambia."

"Tumevuka bahari kwa ndege, leo unaogopa kijito?"

"Kahawa ikiloana itakauka tena, Mwinjilisti. Tuiache."

Hapo uso wake ukabadilika. Akasema, mbele ya katibu wake, maneno haya: "Mimi ndiye kiongozi wa msafara huu. Sijaomba ushauri. Asiyetaka kutumwa aseme, nimkatie safari arudi kwao leo hii akaeleze kanisa kwa nini." Pasi zetu za kusafiria zilikuwa kwenye mkoba wake tangu siku tuliyofika.

Inang hakuelewa maneno lakini alielewa. Alimshika rafiki yangu mkono wa sweta. Rafiki yangu akamtoa vidole kimoja kimoja, akamwambia anarudi sasa hivi. Tukashuka. Najiuliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu nimelelewa kutii, na kwa sababu, nisifiche, miguu yangu ilikuwa imeshataka kwenda tangu niliposikia kahawa iko wazi. Yeye hakuwa na sababu hiyo ya pili. Alikwenda kwa kuwa alitumwa, na kwa kuwa hakutaka niende peke yangu. Njiani alinishika mkono akasema, "Tufunike mbili za mbele aone, tuondoke." Tulikuwa kwenye ya kwanza.

Mimi walinitoa wanaume wa kijiji kwa majembe na mikono. Mguu wa kushoto ulivunjika mara mbili, nao ndio huu ninaoutembelea kwa kuuvuta. Yeye alipatikana baada ya siku mbili. Wabatak wanazikana kwa ukoo, kaburi la ukoo haliingizwi mgeni. Inang alikwenda kwa ndugu za mumewe akakaa nao, sijui aliwaambia nini, wakakubali. Rafiki yangu amelazwa kwao kama binti wa nyumba ile. Inang alimfunika kitambaa kirefu cha kufumwa, wanachomvika mtu wanayempenda, na kingine kama hicho akaniletea hospitali akanivika mabegani. Ninacho. Hadi leo hunitumia picha ya kaburi kwa simu, amelipandia maua.

Hospitalini alikuja pia yule katibu wa kiongozi. Macho yangu yalikuwa yamevimba kwa tope, sioni zaidi ya vidole vyangu. Akanisomea karatasi inayosema nakubali mwenzangu azikwe kule kwa sababu barabara imekatika. Nikaweka sahihi. Mstari wa juu yake hakunisomea. Niliusikia mara ya kwanza nikiwa na magongo, kanisani kwetu, ukisomwa mbele ya watu: kwamba wanawake wawili, kwa mapenzi yao na kahawa, walitoka shuleni bila ruhusa wakakimbilia kuifunika. Na watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Nani Mbozi asingeamini? Wote walishasikia kichekesho cha Jumapili ile. Wote nao wangekimbia.

Kiongozi amepandishwa. Anazunguka na picha zake za Sumatra anazionyesha ukutani. Nilimfuata nyumbani kwake, Vwawa mjini. Alinikaribisha chai.

"Dada yangu, unataka niseme nini? Sote tulikuwa na nia njema."

"Sema ulitutuma."

"Hilo halitamrudisha."

"Sijakuomba umrudishe."

Akaniambia tumwachie Mungu. Wazee wa kanisa nao nikawaendea, wakaniambia hivyo hivyo, kwamba nisichafue kazi ya misheni.

Mama wa rafiki yangu yu hai, Ibaba. Mwaka ule hakuvuna mibuni yake, kahawa ikadondoka yenyewe chini. Nilipokwenda kumpa mkono aliniuliza swali moja, "Hivi kweli mwanangu alifia kahawa?" Nikamweleza yote kama nilivyoeleza hapa, kijito, sweta, mkoba wa pasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akatoka na nakala ya ile karatasi, akaweka kidole chini yake. "Mwanangu, nataka kukuamini," akasema. "Lakini hii sahihi ni ya nani?"

Ni yangu. Hilo najibu mimi, na nimeshalijibu. Katibu alete karatasi yake Ibaba, ausome ule mstari wa juu kwa sauti, halafu aseme alinisomea lini. Na wewe uliyetutuma, unayejua kijito kilikuwa kimekauka kwa sababu uliambiwa mara mbili: acha picha zako ukutani, panda Ibaba mchana, watu wakiwepo, usimame mbele ya yule mama. Usimhubirie. Amekuuliza kama mtoto wake alifia kahawa. Mjibu.