Simu nilizofungia kabatini zilitaka kuniponza mbele ya mkaguzi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Hii ni kweli tupu, chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni mkufunzi wa hisabati kwenye chuo cha ualimu hapa Mbale. Ni wa mkataba, na ulikuwa unaisha.

Tukaitwa Jinja kujifunza kufundisha kwa simu. Unatunga maswali, wanachuo wanajibu kwenye simu zao, majibu yanatokea ukutani. Nikaiva kabisa.

Mwezeshaji wetu, Madam Rehema, akatuaga hivi: "Nitakuja vyuoni kuona vipindi. Asiyeweza, mkataba basi."

Siku ikafika. Madam kakaa nyuma, projekta inawaka. Nikasema kwa madaha, "Haya, toeni simu."

Wakatazamana.

Nambozo, kiongozi wa darasa, akainua mkono. "Afande, si umezifungia wewe?"

Wakuu! Afande ndiye mimi. Nidhamu ya chuo iko chini yangu. Simu marufuku. Muhula ulipoanza nilizikusanya, nikazihesabu, nikazihesabu tena, nikafunga kabati. Kule Jinja hata haikunijia akilini.

Nikakimbilia ofisini. Nikajaribu kuziwasha, hata moja haikuwaka. Nyingine zina nyufa, nyingine zimefungwa na raba.

Hapo nikashtuka. Mwanachuo gani wa leo anatembea na simu ya hivi? Nimekabidhiwa mikweche, nzima wamebaki nazo!

Nikarudi darasani jasho linanitoka. "Mwenye nyingine aitoe. Sitamwadhibu."

"Leo tu?" Nambozo akauliza.

"Wiki hii."

"Afande, panda kidogo."

Mimi huyu, ninayebishania bei ya ndizi sokoni Busiu mpaka muuzaji anifukuze!

"Muhula mzima. Ila darasani tu."

Nambozo akageuka nyuma. "Madam, umesikia?"

"Nimesikia," Madam akajibu, hata hakuinua uso.

Simu zikaanza kutoka. Kwenye soksi, ndani ya sweta, moja ndani ya mkate uliochimbwa katikati. Madam alicheka mpaka akafuta macho. Nikawawashia hotspot, kipindi kikateleza.

Mkataba umeongezwa, wakuu. Nilirudi nyumbani Nkoma kwa bodaboda na sikubishania nauli. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Nilichojifunza: nilikuwa nakamata kilekile ninachotakiwa kufundishia. Kabati sasa linatunza chaki.

Wakufunzi wenzangu, kwenu simu za wanachuo ziko wapi? Semeni hapa chini. Na kama ziko kabatini, jaribuni kuziwasha kwanza.