Kutafuta Hoteli Pasipo na Ndugu

Mimi kukaa sijui. Uchungu wa kunizaa ulimshika mama yangu njiani akitoka gulioni Mlola, na tangu hapo, alikuwa akisema, miguu yangu haijatulia. Nikipewa kiti naketi ukingoni. Kwa hiyo mtu asinishangae nikisema miaka kumi ya kwanza ya ndoa yangu niliilala kama abiria anayesubiri basi.

Tuliishi Lushoto, juu kidogo ya mji, nyumbani kwa mama mkwe. Nyumba yenyewe haikuwa mbaya: udongo uliopakwa chokaa, bati juu, ndizi nyuma. Ila kuta za ndani hazikufika juu. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha tatu wanakupa pole. Nikimwambia mume wangu neno, mama mkwe anajibu. Haki ya nani tena, anajibu! Nasema taratibu, "Mwalimu, chumvi imekwisha," nasikia upande wa pili, "Ipo kidogo kwenye kopo." Sasa hapo utazungumza nini cha maana?

Nami nilikuwa na jambo la maana. Washenga walipokuja kwetu, hawakuja kwa ajili yangu. Walikuja kumposa dada yangu. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, nikasikia jina lake likitajwa, nikafurahi, nikajua nyumba inapungua mtu. Kumbe dada keshapata nafasi ya kusomea uuguzi, akakataa katakata, mbele za watu. Baba aliona aibu. Wageni wametoka mbali, pombe ya miwa imekwisha kunywewa, watu warudi mikono mitupu? Akasafisha koo akasema, "Yuko mdogo wake." Basi. Ndiyo posa yangu hiyo. Nilitoka jikoni na maganda ya viazi mkononi, nikaambiwa niwaamkie wageni.

Miaka kumi nilitaka kumwuliza mume wangu: ulinitaka mimi, au ulipokea tu ulichopewa? Swali dogo. Lakini haliulizwi pale ambapo mama mkwe atajibu kutoka upande wa pili. Wala mchana haliulizwi, maana mchana mume sikuwa naye. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka ile ya Ujamaa mwalimu hakuwa na hata nafasi ya kujikuna: asubuhi darasani, mchana shamba la shule, jioni elimu ya watu wazima, na siku isiyo na hayo kuna mkutano. Akirudi, kimya. Ukimbana na maneno anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, aliyeangaliwa kuliko ng'ombe wote wa Usambara.

Kazi yangu mimi ilikuwa kutandika vitanda kwenye hoteli moja ya zamani ya Wazungu, kule kwenye misonobari. Waliobaki kuja walikuwa wachache, wengi wao wataalamu waliotoka Dar es Salaam kukimbia joto. Siku moja akaja bwana na bibi, watu wazima, mvi tupu, wameshikana mikono kama wanavuka mto. Mpishi akaniambia hawa kila mwaka wanasafiri kwa sababu ya kukumbuka siku waliyooana. Niliwatandikia kitanda, nikawawekea maua mezani. Maua sikuyatamani, ya kwetu yamejaa kila mahali. Nilitamani mlango. Waliingia, wakafunga, ufunguo ukazunguka, na baada ya hapo hakuna aliyewagongea mpaka walipojisikia kutoka. Nilisimama kwenye korido na mashuka machafu kifuani, wivu umenikaba.

Nilimngojea mume wangu njiani, mbali na nyumba, nikamwambia tunatimiza miaka kumi, nataka twende pwani tukalale hotelini. Nilijua atasema tutaona. Akatazama viatu vyake, akasema, "Likizo inakaribia. Nitamwomba fundi gari lake." Fundi alikuwa rafiki yake, ana pikapu kuukuu ya Peugeot. Nilirudi nyumbani nusu nakimbia.

Kuaga mama mkwe, ambaye ndiye angebaki na watoto, ilikuwa shughuli.

"Kukumbuka ndoa?" akasema. "Kwani mliisahau?"

"Hapana, mama. Ni kupumzika kidogo tu."

"Mtapumzikia wapi?"

"Hotelini, mama."

"Hotelini!" Akaweka ungo chini. "Kwani sisi hatuna ndugu?"

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kuchagua hoteli. Wazungu wanatafuta bahari na upepo. Sisi tulitakiwa kwanza tutafute mji ambao hatuna ndugu, maana kulala hotelini kwenye mji wa ndugu yako ni kumtukana. Utamwambia nini akisikia? Kwamba kitanda chake kina kunguni? Korogwe: kaka yake mume. Muheza: shangazi yangu. Kila mji niliougusa ulikuwa na mtu wa kunitandikia mkeka.

Mshauri wetu alikuwa dereva wa lori aliyekuja kuchukua kabichi. Nilimfuata mpaka kwenye mizani.

"Shemeji," akasema, "mapenzi yako Tanga mjini. Kuna hoteli ya ghorofa, ukifungua dirisha, bahari hiyo hapo, unaweza kuitemea mate."

Nilipompelekea mume habari hizo, macho yalimng'aa. "Tanga," akasema. "Twende Tanga, bahari dirishani."

Dada yangu alikuwa muuguzi Tanga.

"Tanga yuko dada," nikasema.

"Tutampitia kumsalimia."

Tutampitia kumsalimia! Siku zile nilitandika vitanda kwa hasira mpaka msimamizi akaniuliza shuka limenikosea nini. Nilikuwa natembea uani kwetu huku na huko, mama mkwe akadhani nina chango. Nikarudi kwa dereva, nikamwambia Tanga sitaki, ataje mji wa pwani usio na ndugu. Akafikiri, akasema labda Pangani.

"Kuna gesti mbili," akasema. "Moja iko karibu na soko, ina baa na muziki. Ya pili ni nyumba ya kale ya mawe, iko pembeni ya mto. Lakini imepooza, shemeji. Kuta nene kama ngome, hata muziki wa jirani huusikii."

"Na juu? Ina dari?"

"Dari?"

"Mbao za juu. Sauti inapita au haipiti?"

Akanitazama kwa heshima mpya. "Haipiti," akasema. Nikachagua hiyo. Mume alipoambiwa Pangani hakubisha, ila yale macho ya kung'aa yalizimika, nami nikaona.

Tuliondoka Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Nilitaka tuondoke Jumamosi, lakini mama mkwe akasema hawezi kuruhusu gari litelemke tupu: gunia la viazi la kushusha Korogwe, tenga la matunda damu la kushusha Muheza. Basi Pangani yetu ikawa na vituo. Na miaka ile kulikuwa na amri ya kubana mafuta: Jumapili ikifika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yasimame popote yalipo hadi kesho yake. Nilikuwa naitazama saa ya mume wangu kuliko yeye alivyokuwa anaitazama barabara. Mteremko wa kwenda Mombo, kona baada ya kona, nimeshika dashibodi, namwambia, "Kanyaga, Mwalimu." Yeye anaendesha kama amebeba mayai.

Korogwe tulisema tunashusha viazi tu. Shemeji akamkimbiza kuku. Unafanyaje sasa? Kuku akishachinjwa kwa ajili yako, umefungwa. Nilikula nimesimama mlangoni, wakanicheka, wakasema mke wa Mwalimu ana moto chini ya miguu. Tulipoingia Muheza saa nane ilikuwa imekwisha kupiga, na askari barabarani akaoneshea kidole chini ya mti: hapo hapo.

Shangazi yangu hakuamini bahati yake. "Mlitaka kunipita?" akasema. "Nyumba yangu imeungua?" Na kwa kuwa kwa Mwalimu hapo ni ukweni, mume na mke hawalali chumba kimoja. Mwalimu akapewa chumba cha mbele na mjomba, mimi nikalala na shangazi, ambaye anakoroma. Hiyo ndiyo siku yenyewe ya kutimiza miaka kumi. Nilikuwa na hasira hadi machozi yakanitoka, na shangazi akafikiri nimemkumbuka marehemu mama.

Asubuhi tukashika barabara ya Pangani. Joto, minazi, mashamba ya mkonge, na ndani ya gari hakuna anayesema. Gesti ya sokoni ilikuja kwanza, mume akasema tuangalie na hii, isije ile nyingine ikawa imejaa. Kijana wa mapokezi hakutuamkia. Akauliza, "Chumba cha kulala au cha kupumzika?"

"Tofauti yake nini?" mume akauliza, mwalimu wa watu.

"Cha kupumzika mnatoka baada ya saa moja."

"Ebo!" nikasema. "Unatuonaje wewe? Huyu ni mume wangu wa kanisani!"

"Samahani, mama," akasema kijana, amechanganyikiwa kweli. "Wenye ndoa huwa hawaji."

Nilitangulia garini. Mume akaja nyuma, mabega yanatikisika. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo mwaka mzima, na hata hilo likaniuma, sijui kwa nini.

Ile ya pembeni ya mto ilikuwa ya bibi mmoja mnene, kanga mbili, ametulia barazani. Tulimwamkia. Alitutazama, mmoja ameegemea nguzo hii, mwingine nguzo ile, akasema, "Nyie ni mke na mume."

Nikafurahi. "Umejuaje, bibi?"

"Hamzungumzi."

Akatukabidhi ufunguo. Chumba kilikuwa na kitanda cha besera chenye nguzo nne, chandarua kilichoshonwa sehemu sehemu, shuka safi lakini pembe zimekunjwa vibaya, nikazikunja upya, mikono ina mazoea. Nikakagua juu: dari, mbao nzito. Nikagonga ukuta: haukujibu. Nikafunga mlango, nikazungusha ufunguo. Mchana kweupe, tuko wawili. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake. Hakuna ng'ombe wa kwenda kuangalia.

Nilizunguka chumba. Mlangoni, dirishani, mlangoni.

"Kaa basi," akasema.

"Siwezi. Nataka kukuuliza kitu, na nataka unijibu kweli. Walipokuja kwetu, walimtaka dada. Wewe ulikuwa unamtaka dada?"

Akaweka mikono magotini.

"Ndiyo," akasema. "Nilimwona kanisani. Nilimtaka sana."

Basi. Nililitafuta jibu mkoa mzima, nikalipata. Nilimwambia, "Na mimi ulipoletewa?"

"Nililia," akasema. "Shambani. Nilikuwa kijana."

Nilishika ufunguo, nikataka kutoka, niende mtoni, niende popote. Nyuma yangu akaniita. Hakuniita mama wa mtoto wetu wa kwanza, kama alivyoniita miaka yote. Aliniita kwa jina langu mwenyewe.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe ulinitaka?"

Nikageuka. Jamani, mimi na mdomo huu wote! Katika miaka kumi sikuwa nimejiuliza hata mara moja. Nilijiona mimi ndiye niliyetolewa, sikumwona yeye naye akipokea.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka kutoka kwetu tu. Angekuja yeyote ningekwenda naye."

Akaitika kwa kichwa, polepole, kama mwanafunzi amempa jibu sahihi. Niliona limemuuma. Nilifurahi kidogo kwamba limemuuma, halafu nikamwonea huruma, halafu sikujua tena.

"Na Tanga je?" nikasema. "Macho yalikung'aa."

"Dirisha," akasema.

"Dirisha gani?"

"La hoteli ile. Bahari ya kuifuata kwa miguu, wewe hutaketi, utaanza kutembea ufukweni mpaka Mombasa. Nilifikiri ikiwa dirishani, labda utakaa hata dakika tano, nikuone." Akafikiria tena. "Dada yako hata sikumwaza. Nilimwona pale msibani kwa mama yenu, nikatafuta cha kumwambia, nikakosa."

Nilibaki nimesimama katikati ya chumba, ufunguo mkononi.

"Kwa hiyo leo?" nikamwuliza. "Leo unasemaje?"

Huyo ndiye mume wangu, hata ukimwuliza saa anafikiri kwanza.

"Leo wale wazee wa posa waje waseme walikosea," akasema, "wanataka wakurudishe kwenu wanipe niliyemwomba." Akasimama, na mimi sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ikipanda namna ile, mpaka nikashukuru kwa zile mbao za juu. "Waje tu! Watanikuta mlangoni na panga!"

Nikavua viatu, nikakaa.