Siku Mdogo Wangu Alipodai Shikamoo

Babu yangu alikuwa mchekeshaji wa runinga, enzi zile mtaa mzima ulipokuwa na runinga moja na mwenye nayo akijiona mkuu wa mkoa. Aliigiza mzee mwenye koti kubwa aliyedai shikamoo kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hata kwa mbuzi. Asipopewa, habanduki.

Alipofariki, bibi, ambaye bado anaishi Mlali, aliacha kuangalia runinga. Vipindi vya babu vikirudiwa, anatoka nje na kujifanya anachambua mboga. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mwaka huu mdogo wangu wa kike, anayesoma chuo hapa Morogoro, akatangaza kwamba atamuenzi babu kwa kumwigiza jukwaani, katika ukumbi mmoja pale Mafiga. Nilipinga, tena si kwa upole. Binti wa miaka ishirini na mbili awadai shikamoo wahadhiri, masheikh, wachungaji, na wazee walioshuka kutoka Uluguru na mikongojo yao? Babu alikuwa na mvi za kumlinda. Yeye ana nini? Akanijibu kwamba hao hawamtishi. Anayemtisha ni bibi. Amemwalika, na bibi akiinuka na kutoka kama afanyavyo nyumbani, basi yeye hatalivaa tena lile koti. Hapo nikaacha kubisha, maana hofu hiyo nilikuwa nayo mimi pia.

Jumamosi ya onyesho, alasiri, ukumbi ulijaa. Nilimketisha bibi mstari wa mbele, nikakaa ubavuni kwake, tayari kumsindikiza nje akitaka. Mdogo wangu alipotokea, vidole havionekani kwa ukubwa wa koti, watu walipiga makofi. Akafungua kinywa, na sauti ilikuwa ileile ya babu. Akashuka kuwafuata watu kwenye viti vyao, kama alivyokuwa akifanya babu. Mhadhiri mmoja mwenye kitambi aliambiwa ainuke kwanza, afunge kifungo cha shati, ndipo aamkie. Akatii huku anacheka. Sheikh wa mtaa wetu alitoa shikamoo yake kabla hajadaiwa. Nilijikuta nacheka na mimi, hasira zote zimeniishia.

Alipofika kwa bibi, akampita. Ndivyo tulivyokubaliana, kwamba bibi asiguswe.

"Mke mwenzangu," bibi akamwita. Ndivyo anavyomwita tangu utotoni, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mbona mimi hunidai?"

Watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu akarudi, akasimama mbele yake. Akaidai shikamoo kwa sauti ya babu. Bibi akamtazama kuanzia kola mpaka pindo la koti, wala hakuwa na haraka.

"Shikamoo, baba watoto," akasema.

Hakuna aliyecheka. Bibi hakuwa anaigiza, na kila mtu pale alilijua hilo. Mdogo wangu akasahau mchezo, akasahau watu, akapiga magoti sakafuni na kumshika bibi miguu. Akaanza kumwomba radhi kwa sauti yake mwenyewe, kwamba hakukusudia kumuumiza.

Bibi akalikamata koti mabegani, akamvuta juu.

"Inuka," akamwambia. "Mume wangu hakunipigia magoti hata siku moja. Usimharibu."

Mdogo wangu akainuka. Akapangusa machozi, akatoa kifua mbele, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya babu, nzito na yenye maringo tele. Kwetu mjukuu hamwitikii bibi yake hivyo. Bibi akacheka mpaka ikabidi nimshikilie asianguke kitini, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu tulipomzika babu, na mimi nikalia wazi mbele za watu.