Gari Lisilonuka

Kila Desemba barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi hujaa magari ya Wachaga wanaorudi kwao, na kila Desemba Wameru huwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo ni wa siku nyingi. Wachaga wenyewe huucheka, na wengine hujibu kwamba ndiyo, tunahesabiwa, na atakayepungua atafutwe. Pale Kikwe, kijiji cha Wameru, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye utani huo haukumchekesha hata kidogo. Huyo ni Bibi Skolastika, mzaliwa wa Rombo huko Uchagani, mjane wa Mmeru, mama yake Elihuruma fundi bajaji. Krismasi ikikaribia alikaa kibarazani akitega sikio kuelekea barabara kuu, na ukimwamkia siku hizo aliitikia marahaba bila kukutazama.

Si kwamba kuna aliyemzuia kwenda. Marehemu mumewe alikuwa mtu mwema, na nauli haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa petroli. Siku alipoletwa Kikwe kama bibi harusi alipakiwa nyuma ya lori pamoja na pipa la mafuta lililokuwa linavuja, na ile harufu ikamwingia kichwani isitoke tena. Tangu hapo, liwe basi, liwe gari dogo la abiria aina ya Noah, tumbo lake lilichafuka kabla gari halijatoka stendi. Alinusa ndimu, akatafuna tangawizi, akameza vidonge, wapi! Mara ya mwisho alishushwa njiani, Boma Ng'ombe, hajitambui, na siku hiyo alikuwa anakwenda kumzika mama yake. Mama akazikwa bila yeye.

Kule Rombo akabaki dada yake mkubwa, Fransiska, ambaye sasa macho hayaoni. Wawili hao walipigiana simu kila Jumapili baada ya ibada, wakipaza sauti kama watu wanaoitana ng'ambo ya bonde. Fransiska aliuliza lini mdogo wake atakuja, na Skolastika alijibu, "Nakuja." Kisha walizungumza habari za mvua na kuku, wakaagana. Jumapili iliyofuata swali lilikuwa lile lile na jibu ni lile lile.

Kwa miaka mingi Elihuruma alilisikia hilo "nakuja". Yeye mwenyewe alifika Rombo mara moja tu, angali mtoto, akipelekwa na mjomba, na alichokumbuka ni migomba minene na watu wakimwita mtoto wa Mmeru. Huku Kikwe nako, akigombana na wenzake kwenye mpira, walimwita Mchaga. Ukimuuliza atakwambia hayo yalipita zamani, na utamwamini, maana ni mtu mcheshi, mnene, akicheka meza inatikisika. Lakini hayakupita. Kila alipoona yale magari ya Desemba yamesheheni watu na mabegi, alitamani hata yeye awe na mahali pa kukimbilia hivyo.

Karakana yake iko Themi, mjini Arusha, na hapo ndipo siku moja ilipoletwa bajaji ya umeme yenye hitilafu. Aliitengeneza, akaenda nayo Kikwe kuijaribu. Mama yake, ambaye kwa kawaida hasogelei kitu chenye injini, aliizunguka, akaigusa, akainusa kama anavyonusa maziwa. Kisha akapanda kiti cha nyuma. Elihuruma akampeleka mpaka kanisani na kumrudisha, akiwa amejiandaa na mfuko wa plastiki. Mfuko haukuhitajika. Mama alishuka, akatengeneza kitenge chake, akauliza kwa sauti ndogo:

"Hii inafika Rombo?"

"Haifiki, Mama. Hapa penyewe imefika kwa kuomba."

"Haya," alisema Bibi Skolastika, akaingia ndani kuchambua maharage. Lakini ile "haya" haikumtoka mwanawe masikioni. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alianza kutengeneza gari.

Sasa, kutengeneza gari la umeme si shida sana kwa fundi aliyezoea waya na nondo. Shida ni kulifikisha mbali. Kati ya Kikwe na Rombo hakuna mahali utakapochomeka gari lako ukanywa chai likijaa. Lazima chaji ya nyumbani ikufikishe. Ukitaka kwenda mbali unaongeza betri, ukiongeza betri unaongeza uzito, na uzito nao unataka betri zaidi. Elihuruma alizunguka kwenye duara hilo mpaka kichwa kikamuuma. Mwishowe akaona njia ni moja: gari liwe jepesi kiasi cha kuchekesha.

Na kweli lilichekesha. Alinunua mahema yaliyochakaa ya kambi za watalii. Mabomba yake ya alumini yakawa mifupa ya gari na maturubai yake yakawa ngozi. Magurudumu yalitoka kwenye pikipiki. Viti vilikuwa vya plastiki, vile vya kukodisha harusini, vilivyokatwa miguu. Betri alizikusanya kutoka kwenye pikipiki za umeme zilizoharibika, akazipima moja moja, mbovu akazitupa. Nyuma alilichonga gari likawa jembamba ili upepo uteleze bila kulivuta. Palipostahimili tundu alitoboa tundu. Redio hakuweka, na badala ya vioo vya madirisha alishona plastiki ngumu. Watu wa Themi wakaliita Panzi.

"Fundi, umelitoboa gari lote," Dismasi, jirani yake muuza vipuri, alimtania. "Sasa bado kitambi chako tu!"

"Hiki ndicho breki," Elihuruma alijibu, na wote wakacheka.

Safari zake za ofisini kutafuta kibali cha kuliingiza barabarani ni hadithi ndefu, tuiache. Kibali kilipopatikana, bintiye Princess ndiye aliyekuwa dereva wa majaribio. Princess ni mtu mzima, anafanya kazi benki, mwembamba kama fito, na kwenye majaribio gari lilikwenda mbali zaidi akiliendesha yeye kuliko baba yake. Elihuruma alilijua hilo, akalichukulia kama mzaha mwingine wa kitambi.

Karibu na Krismasi aliwapeleka wasafiri wote kwenye mizani ya mahindi pale mashineni. Bibi Skolastika aligoma.

"Unanipima kama gunia?"

"Nataka nijue kama tutafika, Mama."

Basi akapanda, akashika fimbo yake vizuri, akasimama wima kama anapigwa picha. Elihuruma akajumlisha: mama, Princess, yeye mwenyewe. Akalipakia Panzi mawe badala ya wale wanawake wawili, akaliendesha mwenyewe kutwa nzima kwenye miinuko ya Meru, na lilirudi likiwa na akiba. Watafika. Usiku alimwambia mkewe, Brenda, kwamba hataki kitu kingine chochote mwaka huu, anataka tu kuiona sura ya mama yake atakapoingia kwao. Brenda, ambaye ni nesi na alikuwa na zamu ya Krismasi, alisema ampigie picha. Elihuruma akasema hilo si jambo la picha.

Asubuhi ya safari alimkuta mama yake amesimama uani pamoja na gunia dogo la mchele, mfuko wa maharage, ndoo ya mafuta ya ng'ombe, sukari, chumvi, mablanketi mawili mapya, na jogoo aliyefungwa miguu. Mkononi alishika jani la sale, lile ambalo Wachaga hulipeleka wanapoomba radhi.

Elihuruma akaduwaa. Alikuwa amepima bolti, amepima turubai, amempima mpaka mama yake mzazi, na hakuupima mzigo. Mtu aliyekulia katika nyumba ya mwanamke wa Rombo akasahau kwamba hakuna anayerudi Rombo mikono mitupu! Alitaka kusema. Akatazama lile jani, akatazama vile viatu vya ibada vya mama yake, vilivyopakwa dawa vikang'aa, akashindwa. Alipakia kila kitu. Jogoo akakaa miguuni pa Princess.

Walipotoka Usa River Bibi Skolastika alikuwa bado ameziba pua kwa mazoea. Walipopita Boma Ng'ombe, pale alipowahi kushushwa, aliondoa mkono. Akafungua lile dirisha la plastiki, akauacha upepo umpige usoni, akaanza kuuliza hiki nini, kile nini, hii nyumba ya nani. Baada ya Moshi maswali yaliisha, na Princess alipomgeukia alimkuta analia taratibu bila kujifuta. Elihuruma alimwona kwenye kioo cha ndani, naye macho yakamlowa, akasingizia vumbi.

Lakini kioo kidogo kinachoonyesha chaji iliyobaki nacho alikuwa anakitazama. Walipoingia Himo kilikuwa kimeshuka kuliko hesabu yake, na kutoka hapo mpaka Rombo ni kupanda mlima, kona baada ya kona. Alisimamisha gari kando ya duka moja na kuomba kuchomeka. Mwenye duka, mama mmoja mkarimu, akasema umeme umekatika tangu asubuhi, ila anayo jenereta. Akaivuta kamba. Jenereta ikaunguruma, moshi wa petroli ukatanda, na Bibi Skolastika akashika tumbo na kuinama nje ya mlango.

"Zima, dada, zima tafadhali!" Elihuruma alipiga kelele.

Walimnawisha maji. Alipopata nafuu, mwanawe alimweleza ukweli wote: chaji haitoshi kupandisha mlima, uzito umezidi.

"Niende mikono mitupu?" mama aliuliza. "Sikumzika mama yangu, Elihuruma. Niingie pale na fimbo tu?"

Magari yalipita yakielekea juu, watu wakiimba ndani. Mama akalipapasa lile jani, kisha akasema, "Haya. Shusha."

Ilikuwa ni ile ile "haya" ya siku ya bajaji, na Elihuruma alishindwa kuivumilia. Akapiga hesabu kichwani, na hesabu yenyewe ilikuwa rahisi, uzito wake mwenyewe aliujua tangu siku ya mizani. Mzigo wote ule, pamoja na jogoo, haukumfikia yeye. Hata angeshusha kila kitu wasingefika, maana chaji ilikwisha kuliwa njiani. Katika lile gari alilolipunguza tundu kwa tundu, kitu kizito kuliko vyote kilikuwa kimekaa kwenye usukani.

Akafungua mlango, akashuka. Panzi akainuka kwenye springi zake.

"Princess, njoo huku mbele."

"Baba, na wewe?"

"Nitapata usafiri. Nenda polepole kwenye kona, usikanyage sana."

"Twende wote, tungoje umeme urudi," Princess alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Dada yake anangoja tangu sijazaliwa. Endesha."

Bibi Skolastika alimshika mkono kupitia dirishani. Alijua vizuri kwa nini mwanawe alilijenga gari hili na alitaka kuona nini. "Mwanangu," alisema, akauminya ule mkono. Elihuruma akamcheka kidogo, akamfunika kanga mabegani, akarudi nyuma. Gari liliondoka bila sauti, jekundu la vumbi, jembamba mkiani, likapinda kona ya kwanza. Alibaki ameshika kiuno. Roho ilimuuma, nami sitasema kwamba haikumuuma. Muda wote ule alikuwa anajenga dakika moja tu, na dakika hiyo sasa ilikuwa inapanda mlima bila yeye.

Usafiri haukupatikana. Kila Noah ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, na waendesha bodaboda walimtazama, wakatazama mlima, wakatikisa kichwa. Akakaa kwenye benchi la yule mama mwenye duka, akapewa chai, akawa anaiangalia simu.

Ililia jua likiwa limeanza kulegea.

"Tumefika, Baba. Chaji imebaki kidogo sana, lakini tumefika."

"Mama je? Ilikuwaje?"

"Bibi mkubwa, Fransiska, alikuwa kibarazani. Wanasema ameshinda hapo tangu asubuhi anasikiliza gari. Tumeingia mpaka mbele ya miguu yake, hajasikia kitu. Bibi akashuka mwenyewe, akampa lile jani, akamwekea mkononi. Bibi mkubwa akauliza, ni nani?"

"Mama akasemaje?"

"Akasema, 'Nimekuja.'"

Elihuruma aliiondoa simu sikioni, akakaa nayo mapajani. Mama mwenye duka alijifanya anapanga sabuni. Alipoirudisha, Princess alikuwa bado anaongea, na nyuma yake kulikuwa na sauti nyingi, watu wakicheka na kulia, na jogoo.

"Baba, unanisikia? Bibi anasema ukija uoge kwanza, utakuwa unanuka petroli."

"Mwambie nimesikia."

"Halafu Bibi mkubwa ametuita wote, ametushika vichwa mmoja mmoja, wa hapa na sisi tuliokuja. Amerudia mara mbili. Anasema chakula kisipakuliwe."

"Kwa nini?"

"Anasema amepungua mmoja. Atafutwe."

Elihuruma alikata simu bila kuaga. Aliinuka, akamshukuru mama mwenye duka, akavuta suruali juu ya kitambi chake, akaanza kupanda mlima kwa miguu.