Sokichi Aliyekimbia

Katika mji wa Kuronuma, Yoshimatsu Komagata hakuwa na haja kubwa ya jina lake mwenyewe. Tangu alipokuwa na miaka thelathini na mitatu watu walimwita Sokichi, naye akaitika.

"Sokichi, nipe vipande viwili, vile vigumu," wanawake walimwambia asubuhi, wakikung'uta theluji mlangoni pa duka lake la tofu, jibini laini ya soya. "Na leo usikimbie kwenda kuokoa watu kabla hujanifungia mzigo wangu!"

Yeye alicheka chini kwa chini, akatumbukiza mikono katika maji baridi na kukiinua kipande taratibu, kama anayemnyanyua kitoto cha siku saba. Mikono yake ilikuwa myekundu mwaka mzima. Masikio yake yalichomoza pande zote mbili kama vishikio vya sufuria, na masikio hayo ndiyo yaliyomponza.

Sokichi hakuwa mtu, alikuwa mchoro. Aliyemchora ni Chizuru, mdogo wake Yoshimatsu wa kike, waliyepishana miaka minne. Chizuru alihamia Tokyo akiwa msichana wa miaka kumi na minane, akasugua meza za watu, akawachorea wachoraji wengine majani na mawingu, hadi alipopata jarida dogo lililokubali hadithi yake mwenyewe. Manga yake, yaani hadithi ya michoro, ilimhusu mtoto wa mtengeneza tofu katika mji wa milimani, mvulana mwenye masikio makubwa na mdogo wake anayechechemea. Vilitoka vitabu tisa. Havikuuzwa sana, na Kuronuma waliovisoma walihesabika kwa vidole. Miaka mitano baadaye televisheni ikamchukua Sokichi na kumfanya katuni ya kila Jumapili jioni, na hapo hata kipofu akamjua. Baadaye ikaja filamu, ambamo Sokichi alikuwa kijana mrefu, mkimya, mwenye nywele za kupeperuka na mchumba.

"Baba Sayo," mkewe Tomiko alimwambia walipotoka kuitazama, "huyo mchumba ulimficha wapi miaka yote hii?"

"Muulize Chizuru."

"Na hizo nywele?"

Walicheka njia nzima. Lakini ile katuni ya Jumapili haikumchekesha Yoshimatsu hata siku moja. Ilianza kwa Sokichi kusikia mlima ukinguruma. Theluji inaporomoka, mdogo wake anafunikwa, Sokichi anarudi, anafukua kwa mikono mitupu, anambeba mgongoni na kushuka naye mlimani huku akicheka kwa sauti ya kupasua masikio. Watoto wa nchi nzima waliuiga ule mcheko. Yoshimatsu, kila uliposikika, alitoka kwenda kutazama maharage yake ya soya, hata kama hayakuhitaji kutazamwa.

Kwani yeye alikuwapo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, Chizuru minane, na majira yale ya baridi theluji ilifunika nyumba hadi watu wakawa wanaingilia dirisha la ghorofani. Walikuwa wanatoka shule, ameushika mkono wa mdogo wake. Mlima ukanguruma. Akauachia mkono, akakimbia. Hakuwaza neno lolote. Miguu ilikwenda, na yeye alikuwa juu yake. Alikimbia mpaka nyuma ya hekalu, akachuchumaa pale, meno yakigongana. Mchoma makaa mmoja aliyekuwa akipita ndiye aliyeiona skafu nyekundu juu ya theluji na kumfukua yule mtoto. Baridi ikamla Chizuru vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Jioni ile baba yao aliwaambia majirani: "Yoshi alikimbia kuita watu. Ana akili huyu." Mtoto akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena, na neno likishakaa kimya siku mbili tatu huota mizizi. Baba alikufa akiamini hivyo.

Kitabu cha kwanza cha Chizuru kilipofika kwa posta, Yoshimatsu alikisoma amesimama, aproni ikichuruzika maji. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na mkono mmoja tu, mdogo, umefunguka, haukushika kitu. Ukurasa wa kumi na tano, Sokichi nyuma ya hekalu, magoti kidevuni. Hakukuwa na neno lililoandikwa. Alifunga kitabu, akakiweka juu ya rafu, na siku ile tofu yake haikuganda. Mdogo wake alijua. Alijua miaka yote, na hakusema. Wala kaka mtu hakupiga simu kuuliza. Miaka zaidi ya arobaini walisalimiana, waliwazika wazazi wao, walitumiana zawadi za mwaka mpya, na jambo lile wakalizunguka kama watu wanavyozunguka shimo ambalo kila mmoja analijua lilipo.

Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, na mji ulikuwa umeamua kusimamisha sanamu mbele ya kituo cha treni. Bwana Segawa wa ofisi ya mji alikuja mwenyewe dukani na picha mkononi: Sokichi wa televisheni, kinywa wazi kwa mcheko, mdogo wake mgongoni.

"Mzee wangu, shaba imeshamiminwa. Wewe ndiye utakayevuta kitambaa. Nani mwingine?"

"Mvutishe meya."

"Meya hana masikio hayo!" Segawa alicheka peke yake. "Na Bi Chizuru amekubali kuja. Mkono wake wa kulia ni mgonjwa, hachori tena, lakini anakuja."

Kabla ya siku yenyewe, shule ya msingi ilimwomba Yoshimatsu azungumze na darasa la nne. Alikwenda amevaa koti lake la misibani kwa kuwa hakuwa na lingine zuri. Akawaeleza jinsi soya inavyolowekwa, inavyosagwa, jinsi chumvi chungu ya bahari inavyoyagandisha maziwa ya soya. Watoto walimsikiliza kwa adabu huku wakimtazama masikio. Kisha msichana mmoja, Nagi, akasimama. Alikuwa na kitabu kikuukuu, jalada limebandikwa kwa karatasi ya gundi.

"Babu, hiki ni cha bibi yangu. Humu Sokichi anamwachia mdogo wake mkono, anakimbia. Kwenye televisheni anambeba. Sasa babu, wewe ni yupi?"

"Nagi," mwalimu akamkatiza, "hilo si swali la leo."

Yoshimatsu aliutazama ule ukurasa ulioinuliwa mbele yake. Alikuwa hajauona tangu ile siku ya aproni. Alitaka kusema kwamba hadithi ni hadithi tu. Maneno hayo alikuwa nayo tayari mdomoni, ameyatumia kwa wageni na waandishi wa habari miaka na miaka. Yakakataa kutoka.

"Mimi ni wa kitabu," alisema. "Nilikimbia."

"Kwenda kuita watu?"

"Hapana. Nilikimbia tu."

Mwalimu akatazama saa ya ukutani. Nagi aliketi polepole, akakifunga kitabu kwa mikono miwili, kama aliyepewa kitu cha kushika asichojua bei yake.

Kuronuma ni mji mdogo; neno lilifika dukani kabla ya mwenyewe. Tomiko alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Miaka arobaini na sita tumelala mto mmoja, na ukaenda kuwaambia watoto wa darasa la nne kwanza?"

"Wao waliuliza."

Tomiko alitaka kukasirika, akaanza vizuri kabisa, kisha akaketi juu ya gunia la soya na kumtazama. "Basi ndiyo maana ulikuwa unaikimbia katuni," alisema. "Mimi nilidhani ni kwa sababu ya ule wimbo mbaya."

Segawa alikuja alasiri, safari hii bila picha. "Mzee Komagata, nakuomba. Siku ya kufungua usilete hayo. Watu wanampenda yule wa televisheni. Ametutoa gizani. Watalii wanashuka hapa kwa ajili yake!"

"Mpendeni. Sikumzuia mtu."

"Lakini wewe ndiye yeye!"

"Hapo ndipo penye shida, Bwana Segawa. Mmenivika kilemba cha ukoka, na mimi nimekivaa mpaka kimeota mizizi kichwani."

Chizuru alifika siku iliyotangulia sherehe, mwanamke mdogo wa miaka sitini na minane mwenye mvi fupi, akiegemea fimbo, mguu wa kushoto ukivuta kidogo kama siku zote. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akauliza kama kuna chochote cha kula. Tomiko akaweka supu ya miso, figili za chumvi na tofu ya moto, akasema anakwenda kwa jirani kuazima sahani. Sahani zilikuwa zimejaa kabatini.

Ndugu wawili wakala. Nje theluji ilikuwa ikianguka taratibu.

"Nimesikia umewahutubia watoto," Chizuru alisema.

"Nani kakwambia?"

"Dereva wa teksi. Na mwenye duka la magazeti. Na mtu nisiyemjua kabisa pale kituoni."

Yoshimatsu aliweka vijiti chini. "Chizu, nisamehe. Nimechelewa miaka sitini."

"Ulikuwa mtoto."

"Na wewe pia."

Chizuru alitafuna figili yake akaimaliza. "Kaka, nikuulize. Wale wa televisheni waliponiletea karatasi, waliniambia shujaa hawezi kukimbia katika sehemu ya kwanza, watoto watazima. Wakataka arudi, ambebe. Unajua kwa nini nilitia sahihi?"

"Ulihitaji kula."

"Nilihitaji, ndiyo. Lakini nilifikiria pia wewe. Nilijuta kukuanika kitabuni. Nikasema, acha apumue. Wamempa miguu ya kurudia, aichukue."

Yoshimatsu alitikisa kichwa. "Nilibanwa zaidi. Kila mtu aliyenisifu alikuwa anamsifu mwingine, na mimi nasimama pale napokea sifa za watu kama mwizi. Kile kitabu, sawa, kiliniuma. Siku ile hata tofu ilinigomea. Lakini humo ndani nilikuwa najulikana. Kuna mtu mmoja duniani alinijua na bado akanichora masikio vizuri."

"Masikio yako hayahitaji ufundi."

Walicheka, na kicheko hicho hakikuwa na shimo katikati.

"Ulivisoma vyote tisa?" Chizuru akauliza.

"Cha kwanza tu."

"Cha kwanza tu! Miaka yote hii!" Alipiga meza kwa kiganja cha mkono wake mzima. "Basi hujui hadithi inahusu nini. Mwenzangu, kule kukimbia ni kurasa mbili. Zilizobaki zote ni za asubuhi."

"Asubuhi gani?"

"Umesahau? Mimi nimelala, mguu umefungwa. Kila alfajiri ulikuwa unatoa ule utando laini wa juu ya maziwa ya soya, ule ambao baba alikuwa anauweka kwa ajili ya wateja wakubwa, unaniletea bakulini. Unaketi mlangoni. Huthubutu kunitazama, na huondoki. Majira yote ya baridi, kaka. Mpaka nikatembea. Na nilipotembea ukaniwekea mawe ya kukanyagia njiani. Mtu aliyekimbia, halafu akabaki ndani ya nyumba moja na aliyemkimbia, akila naye, akimtazama anavyochechemea kila siku, hicho ndicho nilichokuwa nachora. Vitabu vinane."

Yoshimatsu aliinamia bakuli lake.

"Televisheni walipomfanya arudi," Chizuru aliendelea, sauti imeshuka, "zile asubuhi zote zikakosa kazi. Shujaa aliyekwisha kuokoa, amletee mtu bakuli la nini? Ndiyo maana ikabidi wamtafutie maporomoko mengine, na mbwa mwitu, na sijui majambazi. Mimi sikuyaona hayo mapema. Nilidhani nimebadilisha kurasa mbili tu."

Siku ya sherehe Yoshimatsu alikataa kuvuta kitambaa. Chizuru akakivuta kwa mkono wa kushoto. Sanamu ikang'aa, kinywa wazi. Akaitazama toka juu hadi chini na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Mmempunguza masikio." Watu wakacheka, Segawa akapumua. Kisha Yoshimatsu akaomba kusema maneno mawili. Alisema sanamu ni nzuri na fundi ameifanyia haki shaba. Kwamba huyu wa juu ni mtoto wa televisheni, na wa kitabu alikimbia, na wa kweli pia alikimbia, na anayetaka kumjua aende maktaba. Akainama. Wengine walipiga makofi, wengine walitazamana. Mzee mmoja alisema waziwazi kwamba mambo mengine mtu huenda nayo kaburini, akaondoka.

Maktaba ilikuwa na seti moja tu, na haikuwa na kitabu cha sita. Bibi yake Nagi akatoa cha kwake. Yoshimatsu mwenyewe aliviazima mwezi wa pili, kimoja kimoja, akavisoma usiku, punde baada ya kuoga, polepole, mara nyingine akirudia ukurasa. Tomiko alimkuta akiwa kwenye cha nne, miwani puani, akijifuta jicho kwa ncha ya taulo.

"Anaokoa mtu?" alimuuliza.

"Hapana. Anaosha bakuli."

Dukani wateja wachache walipungua, wengine wakaongezeka, na utani ukabadilika kidogo. Chizuru hakurudi Tokyo haraka kama alivyopanga. Alikaa siku nne, kisha tisa, na mwaka mpya uliofuata akaja tena na sanduku kubwa zaidi, akachukua chumba cha ghorofani. Theluji ilipofika kifuani, kaka na mdogo mtu walikuwa jikoni wakigombana kwa sauti juu ya figili: mmoja akisema chumvi imezidi, mwingine akisema haijatosha, na Tomiko katikati akila bila kumsikiliza yeyote.