Malori Yasiyosimama kwa Melkizedek

Melkizedek hakuwahi kumwita mtu aje kula. Miaka yote aliyopika katika bwalo la shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa, honi ya mchana ilipolia wakataji walikuja wenyewe na sahani zao, wakajipanga mbele ya kidirisha, naye akamimina upawa mmoja kwa kila mtu. Kisha bei ya mkonge ikaanguka, shamba likafungwa, honi ikanyamaza. Ilikuwa miaka ile mashirika yalipokuwa yakifa huku na huko, na redio ikitangaza kwamba biashara sasa ni ruksa kwa kila mtu. Melkizedek aliisikiliza redio hiyo akiwa hana kazi, akaona anatajwa yeye.

Alihamia Mikumi na mkewe, Teresia, akajenga kibanda cha mabanzi kando ya barabara kuu, mwisho wa mji, upande wa kuelekea Iringa. Malori ya Mbeya na Zambia yalipita hapo mchana kutwa. Yalipita tu. Madereva walisimama pale waliposimama wenzao, na mbele ya kibanda cha Melkizedek hapakuwa na lori hata moja. Mchana sufuria za wali na maharage zilikuwa tayari. Jioni majirani walikuja na mabakuli kuchukua bure, wakimsifu kwa ukarimu, na sifa zile zikamchoma kuliko matusi.

Hakutulia. Akikaa, mguu ulicheza. Akisimama, alikwenda barabarani, akatazama upande wa Morogoro, akatazama upande wa Iringa, akarudi kufunua sufuria kana kwamba wali ungetoroka.

"Baba Lightness, kaa chini," Teresia alimwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Nikikaa watasema nimelala."

"Waseme akina nani? Nyani?"

Teresia alikuwa ameshasema lake. Kaka yake aliyeko Mvumi, kulekule Kilosa, alikuwa amewatengea kipande cha shamba. Gunia la mchele lililobaki likiisha kabla wateja hawajapatikana, yeye anakwenda kulima, na mume akitaka abaki na sufuria zake. Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtia Melkizedek hofu.

Asubuhi moja, Teresia akiwa kisimani, Melkizedek alikata matawi mabichi akayatandaza barabarani, fungu moja hapa na jingine mbele kidogo, kama wafanyavyo madereva gari linapoharibika ili wanaokuja wapunguze mwendo. Lori la mbolea likatokea, likapunguza mwendo, likasimama. Dereva, kijana mnene aitwaye Danieli, aliteremka na jeki mkononi, utingo wake nyuma na spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Gari iko wapi?"

"Karibu ndani, chakula ni cha moto."

Danieli alitazama kibanda, akatazama barabara tupu. "Mzee, nimeuliza gari iko wapi. Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna gari. Nilitaka msimame tu."

Utingo alicheka. Danieli hakucheka. "Siku breki zitakaponifia mlimani, nikaweka majani, na mwenzangu akasema aa, ni yule mzee wa wali, akaja na mwendo wake uleule, utanizika wewe?" Aliyakusanya matawi yote kwa mikono yake, akayatupa mtaroni, akaondoka bila kuonja hata maji.

Kesho yake madereva walipita wakipiga honi na kupaza sauti madirishani: "Majani!" Teresia aliuliza, akaambiwa. Alikwenda kulishika gunia; lilikuwa limelegea, limebaki robo.

"Sasa hata anayetaka kusimama," alisema, "ataogopa kuchekwa."

Siku nzima Melkizedek alikizunguka kibanda. Alijua mahali ambapo malori husimama yatake yasitake: kwenye mizani, ambako hupanga foleni kupimwa mzigo. Vijana waliuza mayai na karanga pale, wakikimbilia madirisha. Lakini yeye alikuwa mpishi wa bwalo. Watu walimfuata, yeye hakumfuata mtu.

Asubuhi iliyofuata alipakia ndoo ya wali na ndoo ya maharage kwenye baiskeli, akaenda.

Kwenye lori la kwanza sauti haikutoka. La pili vilevile. Kwenye la tatu dirishani alikuwa Danieli.

"Majani! Leo umekuja kufunga mizani?"

Foleni nzima ikacheka. Melkizedek alisimama chini ya dirisha, shingo imeinuka. "Nilikosea, mwanangu. Nimeleta wali."

Danieli alimtazama. Foleni haikusogea. "Haya, weka."

Akamimina upawa mmoja.

"Mzee, hiki chakula cha kuku? Ongeza."

Hakuna aliyewahi kumwambia aongeze. Mkono ulisita juu ya ndoo. Kisha akaongeza, na dereva wa nyuma akaita, "Majani, na mimi! Kama cha huyo!" Akakimbia, akarudi, sahani hazikutosha, akawa anangoja chini ya madirisha watu wamalize na kulipa ili aoshe akimbilie lori jingine, huku foleni ikisogea na kumwacha. Mtu mmoja aliondoka na sahani hadi Iringa.

Alikwenda kila siku, na gunia likaisha. Teresia alilikung'uta, akalikunja.

"Kesho napanda basi la Kilosa."

Melkizedek alikuwa akisugua ndoo. Aliacha. "Umeshamwambia kaka yako?"

"Kaka nimwambie nini? Mchele wa kule una nafuu kuliko wa hapa. Nitaleta magunia mawili. Na sahani, maana wewe unazigawa."

Alitaka kuketi, maana miguu ilimuuma, lakini alijikuta ameshasimama.

"Na kesho atapika nani?"

"Wewe si mpishi?"

"Na foleni?"

Teresia alikuwa akitafuta kanga ya safari. Melkizedek alikwenda nyuma ya kibanda kuangalia kama kuni zinatosha, akaziona zinatosha, akachukua shoka akapasua nyingine.